Plamu Zilizong'arishwa

Waliovumisha kwamba Mama Plamu aliwalisha wakwe watarajiwa matunda yaliyooza, wanyamaze wasikie. Msimamizi yule wa bweni aliyestaafu hajawahi kupeleka mezani plamu asiyoijua hali yake.

Kila mti wa uani ulipozaa, alikuwa na utaratibu ambao wajukuu waliuzoea hadi kuukejeli. Plamu ngumu alizilaza juu ya karatasi kwenye kabati la jikoni, zisigusane, mpaka bega la tunda, pale kikonyo kinapoingia, lilegee kidogo chini ya kidole gumba. Tumbo hakuliminya. "Tumbo hudanganya," alisema, "bega haliwezi." Kisha alinusa. Iliyoiva ilihamia kwenye jokofu ikiwa kavu, na haikuoshwa hadi dakika ya kuliwa. Ule ungaunga mweupe juu ya ganda alikataza kabisa kuufuta.

"Mama, hilo si vumbi?" aliuliza mkamwana wake, ambaye siku zile hakuwa mjane bado.

"Vumbi liko masikioni mwako, mwanangu. Huo ndio ulinzi wa tunda. Ukiufuta, umeialika mvua ndani ya nyumba."

Mchumba wa mjukuu alipotarajiwa kuja na wazazi wake, Mama Plamu alijaza trei nzima na kuiweka kwenye jokofu, kisha akawa na shughuli za mapazia na viti. Mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuja kusaidia, ndiye aliyeachiwa kazi za jikoni.

Siku ya wageni mdogo wake alizipanga plamu kwenye bakuli la kioo, zikimetameta. Mama wa mchumba aliuma moja, akasita, akaitoa kinywani kwa karatasi laini. Ndani ya bakuli, upande wa chini, plamu nyingine zilikuwa zimeanza kuota ukungu.

Mdogo mtu ndiye aliyeokoa jahazi, lakini akamwacha dada yake majini.

"Mumsamehe dada yangu. Macho yamechoka, na pua nayo imezeeka. Kila siku namwambia jikoni atuachie, hasikii."

Mama Plamu aliokota moja. Iling'aa kama kiatu cha gwaride, ungaunga haukuwepo. Alimtazama mdogo wake, akangoja sentensi moja tu. Chai ikanywewa, utani ukarudi, na mdogo mtu akacheka kuliko wote. Sentensi haikuja.

Mwanawe mkubwa akamwinamia sikioni. "Mama, pumzika tu. Mama mdogo atashika jikoni."

Mama Plamu alimfuata mdogo wake kwenye sinki.

"Uliziosha."

"Zilikuwa na vumbi, dada! Nikazifuta zing'ae, nikazifunga kwenye nailoni, nikaziweka kabatini juu ya jiko ili soda zipate nafasi. Nilitaka uonekane umependeza."

"Sawa. Nenda ukawaambie hivyo hivyo."

"Mbele ya wakwe? Wewe ni mzee, watakusamehe. Mimi wataniita mshamba mpaka nife."

"Kwa hiyo mimi ndiye niitwe mzembe."

"Wewe utasahauliwa haraka, dada. Usinikazie macho hivyo, na shusha sauti, wageni wanasikia."

Mama Plamu alifungua mkufu wa ufunguo wa stoo shingoni mwake, akauweka kando ya sabuni. Yeye aliyewahi kulisha bweni zima hakuuliza tena kitu chochote kuhusu jiko lile. Akaketi alipowekewa kiti, akala alichopewa. Mti wa uani ulipozaa tena, plamu ziliangukia majani, akazipita kama anayepita duka la mtu mwingine.

Mkamwana wake, ambaye sasa ni mjane, alikuwa mlangoni na birika mkononi. Alisikia kila neno, na ndiye anayeyasema haya ili jina la mama mkwe wake lisichafuliwe na watu wasiojua hata bega la plamu liko wapi. Kuhusu mdogo mtu, na kwa nini mpaka leo analala chini ya dari lile lile la dada yake, mkamwana ameulizwa sana. Hajajibu. Hatajibu.