Kiti cha Bi Sikuzani

Halfani alipopata kazi ya kuendesha trekta kwenye mradi wa karanga Nachingwea, hakukimbilia baiskeli kama wenzake. Alimnunulia mama yake kiti cha kukunja, kisha baada ya sala ya Ijumaa akasimama mbele ya wanaume wa kijiji chao cha Marambo na kutangaza: "Mama yangu hatashika jembe tena. Akionekana analima, nimevuliwa nguo mimi!"

Watu wakasema mashallah. Basi Bi Sikuzani, aliyelima, akatwanga na kuteka maji tangu avunje ungo, akakalishwa barazani kama mzigo unaongoja lori. Akakatazwa kisamvu, eti chakula cha mafukara. Akapewa chai na mkate mweupe, asubuhi na jioni. Heshima hiyo!

Heshima ikamla. Miguu ikalegea, midomo ikapauka, akisimama kizunguzungu. Majirani wakanong'ona amelogwa. Lakini dresa, mtibabu wa zahanati, alimfunua kope, akatikisa kichwa. "Damu yako imekosa chuma, mama, kile cha kwenye mboga za majani, dagaa na maini. Rudia vyakula vyako. Na huo mwili usiulaze. Lima kidogo, pumzika, lima tena."

Halfani akaruka. "Alime? Watu watanionaje? Nakusihi mama, usiachane na hicho kiti!"

Bi Sikuzani aliogopa kufa, na aliogopa kumwaibisha mwanawe. Akaona hofu mbili hazibebeki pamoja. "Haya, baba," akasema. "Sitaachana nacho."

Kesho yake akajitwika kiti kichwani, jembe mkononi, huyoo, katikati ya kijiji mpaka shambani. Analima tuta, anakaa kitini. Analima, anakaa. Jioni anarudi na kiti chake kichwani na majani ya kunde kwenye kanga. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Halfani akawa hapiti sokoni. Ila kabla ya mavuno bibi yule alikuwa anatwanga tena, na kumsema mkwewe, mke wa Halfani, kwa uvivu.

Halafu mradi wa karanga ukafa, matrekta yakanyamaza, Halfani akarudi nyumbani amenywea. Mama yake akamkunjulia kiti barazani, akamletea chai na mkate mweupe.

"Kaa hapo, baba. Watu wasije wakakuona unalima, nikavuliwa nguo mimi."

Halfani alikitazama kile kiti, akakikunja, akauliza jembe la pili liko wapi.