Nusu Yangu na Nusu ya Kavira

Glavu za kipa zikilowa mvua kisha zikaanikwa karibu na moto, hutoa harufu ambayo sijaisikia kwingine: mpira unaoanza kuungua, jasho, na majani ya malishoni. Juzi binti yangu alitundika zake juu ya babula, jiko letu la makaa, nami niliyekuwa nachambua maharage nikaacha kuchambua. Nilikuwa tena na miaka kumi na minne, pale Kirolirwe, kwenye uwanja wenye mteremko ambao ng'ombe walituachia Jumapili tu, pamoja na mavi yao.

Ekipe yetu ya wasichana ilikuwa na jozi moja ya glavu na makipa wawili. Mmoja nilikuwa mimi, Riziki. Baba na mama walifariki katika mwaka mmoja, nikabaki mkubwa wa watoto wanne; niliacha shule nikiwa mwaka wa sita wa primere, nikashika jembe. Mwingine alikuwa Kavira, binti wa mfanyabiashara kutoka Butembo aliyekuwa na duka na lori. Mimi niliruka vizuri. Yeye mikono yake haikuachia kitu. Kijiji kilibishana. Watu wangu walimwita Kipa wa Kamyo, kwa ajili ya gari la baba yake. Watu wake waliniita Mama Watoto, kwa sababu nilifika mazoezini na kitindamimba wetu mgongoni.

Papa Bauma, mkulima aliyetufundisha mpira, alikataa kuchagua. Sheria yake ilikuwa hii: kila kipa anacheza nusu moja, na asiyecheza haendi kukaa na wengine, anasimama nyuma ya lango la mwenzake, awe macho yake. "Kushoto kuko muntu! Toka! Rudi!" Nusu alizipima kwa saa ya mezani yenye picha ya jogoo, aliyoibeba uwanjani ndani ya mfuko wa mbegu.

Wazee walimcheka. "Bauma, chungu haikae kwa mafiga mbili."

"Ya tatu njo mimi," alijibu, akijipiga kifua.

Mimi nilipewa nusu ya kwanza siku zote, na niliidharau. Watu walikuwa bado wanatoka kanisani, na magoli yanayosimuliwa hufungwa mwishoni. Moyoni nilisema lori limemnunulia Kavira nusu nzuri.

Kisha tukaalikwa Kibua, kule Walikale, kwenye sikukuu ya parokia. Baba yake Kavira alikuwa anatuma lori kuchukua mafuta ya mawese, akakubali kutubeba. Wenzangu walifurahia safari. Mimi nilikuwa na jambo langu. Baada ya matanga, mjomba alimchukua mdogo wangu Faustin, aliyekuwa na miaka saba, akaenda kumlea huko Kibua. Mama alikuwa ameniachia neno moja: "Musitawanyike." Mwaka mzima neno hilo lililala na mimi kitanda kimoja. Niliamua kumrudisha Faustin nyumbani ndani ya lori lilelile.

Nilimwambia Kavira peke yake, maana nilihitaji nafasi katikati ya mabidon ya mafuta ya baba yake.

"Utamuiba sawa kuku?" aliniuliza.

"Si kuiba. Iko wa kwetu."

Alisema ataongea na shofere wa lori. Nikamwomba na jingine: Kibua nicheze nusu ya pili, ili mdogo wangu anione. Alikubali hilo pia, na Papa Bauma hakupinga.

Tuliwaacha ng'ombe na baridi yetu, tukashuka siku nzima kuelekea joto la msitu, tukiruka kila shimo kama maharage kwenye ungo. Mjomba aliishi ng'ambo ya mto, mwendo wa kutosha, kwa hiyo nilituma habari tu: Faustin aje uwanjani. Kesho yake shofere alitutangazia kwamba mpira ukiisha tu, tunapanda. Mvua ilikuwa inakuja na barabara haimsubiri mtu.

Kavira alicheza nusu yake bila kufungwa. Nikavaa glavu zikiwa bado na joto la mikono yake, naye akaja kusimama nyuma yangu. Faustin hakuwa ameonekana. Nilitazama upande wa parokia, nikatazama njia ya mtoni. Nilisikia Kavira anapiga kelele, "Riziki, mupira!", na nilipogeuka ulikuwa umeshapita kati ya mguu wangu na mti wa lango, taratibu kabisa, kama mgeni anayeijua nyumba.

Kibua walicheka hadi wakakaa chini. "Kipa iko nalala! Mumuletee blanketi!"

Punde nikamwona Kavira ameacha nafasi yake, anakimbilia kwa Papa Bauma. Walisemezana. Papa Bauma akatoa saa yake, akaitikisa, akaniita nitoke.

"Nusu yangu haiyaisha!" nilisema.

"Saa imesimama. Toka, mwanangu."

Kavira alinyoosha mikono. Nilizitupa glavu kwenye miguu yake. Hilo bado linaniumiza. Nilitaka kwenda kulia ndani ya lori, lakini sheria ilikuwa sheria, nikaenda nyuma ya lango nikiwa sioni mbele. Hapo mkono mdogo ukashika jezi yangu.

"Yaya."

Ndivyo Faustin alivyoniita, dada yake mkubwa. Alikuwa amerefuka. Alikuwa amevaa shati jeupe na kaptula ya bluu, sare ya shule siku ya Jumapili, kwa kuwa ndiyo nguo yake nzuri. Nilimkagua kama mama anunuaye kuku: mbavu, meno, nyuma ya masikio.

"Unakula?"

"Nakula. Ugali na sombe."

"Banakupiga?"

"Kama navunja kitu."

"Mupira ikiisha, tunapanda kamyo. Tunarudia kwetu."

Alitazama chini, akachimba udongo kwa kidole cha mguu. "Yaya, kesho tuko na enterogasio ya kalkil."

Jaribio la hesabu: sikujua nicheke au nilie. Nilimwuliza anajua nini cha kalkil. Akaanza kunihesabia mara saba, mara nane, mara tisa, bila kukosea, sauti ikipanda kila Kavira alipodaka. Nyumbani nilikuwa na jembe la kumpa, na upendo. Karo sikuwa nayo. Alipofika mara kumi na mbili nilikuwa nimeshaamua. Nilimfungia kifungo cha juu cha shati, nikamwambia akilala mapema usiku huo, atafaulu.

Tulifungwa moja bila, na lile moja lilikuwa langu. Nilirudi nimekaa juu ya mikungu ya ndizi, mgongo kwa Kavira. Alinipa nusu ya ndizi yake ya kuchoma, nikakataa. Watu walipomwuliza Papa Bauma kwa nini alimtoa kipa katikati ya nusu, alilaumu saa ya jogoo, na hakuwahi kusema zaidi.

Miaka mingi baadaye, Kavira akiwa ameshika duka la baba yake, nilimtania kwamba aliwahi kuninyang'anya nusu. Aliacha kupima chumvi.

"Nilimuona mutoto amefika nyuma ya lango, iko na nguo ya masomo. Nikajua: mupira inaisha, unamubeba, kamyo inaondoka. Ulikuwa umepanga vyote, Riziki, hata kwa shofere. Mwenyewe mutoto haukumuuliza. Nikamuambia Papa Bauma, unitie mimi, bo bawili basemezane kwanza."

"Mbona haukuniambia?"

"Na kinywa gani? Miezi mbili haukunisalimia!"

Nilikuwa mtoto aliyelazimika kulinda lango peke yake, na kila mkono uliokuja karibu niliuona wa mnyang'anyi. Mkono wa Kavira. Hata wa mjomba, aliyekuwa akimlipia Faustin karo huku mimi nikimhesabu mwizi. Faustin leo anafundisha shule huko Buleusa, na sisi sote wanne hukutana kwangu kila Noeli. Neno la mama halikuanguka. Lilishikwa na mikono mingi, na mimi nilikuwa nimedhani iko miwili tu.

Nilimwambia Kavira asante, palepale dukani. Aliona haya, akarudi kwenye chumvi yake.

"Lakini lile goli," alisema bila kuniangalia, "ilikuwa ya kudaka hata na sketi."