Chumvi Niliyompa Baba

Iko siku moja hainitoki akilini, mwanangu, na kila nikiisimulia nachoka. Sogea karibu, sauti yangu siku hizi haifiki mbali.

Nilikuwa kijana mwenye mke mpya, hapa hapa Nyaishozi, zamani za Mwingereza. Baba alikuwa akiamka na maumivu ya kichwa, kisogoni. Akatembea hadi zahanati ya misheni, tabibu akamfunga kitambaa mkononi, akakijaza hewa, akamwambia damu yake inasukuma kwa nguvu kupita kiasi. Apunguze chumvi, aache kiko, rubisi, pombe yetu ya ndizi, aionje tu. Baba akatii. Mama akawa anampikia maharage yake peke yake, katika chungu kidogo.

Mimi niliona aibu. Kwetu kijana akivuna kahawa yake ya kwanza humletea baba yake chumvi, nami nilikuwa nimeshavuna. Wenzangu walinicheka kwenye rubisi, eti baba yangu anakula kama mgonjwa wa kufa na mimi nipo. Nikanunua chumvi, nikamwagiza mke wangu aitie kwenye kile chungu, na mzee nikampelekea kibuyu cha rubisi kimejaa.

Akaonja maharage, akanitazama. "Tabibu amekataza."

"Tata, umekula chumvi maisha yako yote. Kula, watu wasiseme sikutunzi."

Akala. Alikula kwa ajili yangu, mwanangu, na tukaendelea hivyo mpaka mvua zikaisha.

Asubuhi moja alikuwa anakata mkungu, mundu ukamponyoka. Nilimkuta amekaa chini mgombani, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haumtii. Na mimi, badala ya kutafuta watu wa kubeba machela, nikaenda kugombana na jirani kwamba amemroga. Siku mbili nzima nilizipoteza hivyo. Mama ndiye aliyenikemea.

"Mwache mtu wa watu," alisema. "Chumvi uliileta wewe."

Tulipomfikisha zahanati, tabibu hakunilaumu, alisema ugonjwa ulikuwa umeanza zamani. Labda. Baba aliishi miaka minne bila kutamka neno la kueleweka. Nilimlisha kwa mkono wangu maharage yasiyo na chumvi, na kila tonge alinitazama vile vile kama siku ile.

Basi nakuomba. Wewe unanyunyiza chumvi kabla hujaonja, nakuona, na sigara unaificha mfukoni ukidhani sina pua. Punguza. Nenda ukapimwe hata kama huumwi popote, maana Baba naye alidhani ni kichwa tu. Mtu akipooza, mpelekeni hospitali saa ile ile, ugomvi wa uchawi uacheni. Na mimi ukiniona nakula chakula kisicho na ladha, usinionee aibu mbele za watu. Niache nile.

Mungu akulinde, mwanangu, uzeeke ukiwa na kauli yako, watoto wako wakikusalimu shikamoo uweze kuwaitikia.