Kipa Aliyeshukuru Mapema

Obedi, fundi baiskeli wa sokoni Kibondo, alikuwa kipa wa timu ya kanisa lao, na hakuna aliyeweza kumwambia lolote kuhusu kudaka. Kipaji chake, alisema, kimetoka juu, na kitu kilichotoka juu hakihitaji kukimbizwa kilimani. Kwa hiyo mazoezini alifika wenzake wakiwa wameshalowa jasho, yeye na kichupa chake cha mafuta ya upako, akazipaka nguzo za goli na kuzinenea maneno. Mpira ukigonga nguzo ukatoka, hayo yalikuwa mafuta. Ukiingia, basi mabeki walikuwa hawajatubu.

Kocha wao, mwalimu Yusuph, alikuwa Mwislamu aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Kanisa lilimchukua kwa sababu ndiye pekee aliyejitolea.

"Obedi, ruka basi mara ishirini tu," alimsihi siku moja.

"Mwalimu, malaika wanaruka mara ngapi kwa siku?"

"Malaika hawapigiwi kona."

Wenzake walicheka. Obedi aliwasamehe papo hapo, kwa sauti, ili wote wasikie.

Walipoingia fainali dhidi ya timu ya parokia moja ya Kasulu, Obedi akatangaza kufunga siku tatu. Mkewe, Recho, alimbembeleza: "Baba Providence, kula hata kiazi. Utaanguka huko." Akakataa katakata. Alikunywa uji tu, bakuli tatu asubuhi na tatu jioni, kwani uji, alisema, si chakula.

Timu hizo mbili zilicheza mpaka dakika ya themanini na nane bila goli. Mara mbili mabeki wasiotubu waliutoa mpira kwenye mstari huku Obedi akiwa bado anajiuliza aende upande gani. Kisha beki mmoja akaunawa mpira ndani ya boksi. Penalti.

Mpigaji wa Kasulu alikuwa Tharsisi, katekista kutoka upande wa Kabanga, mtu mfupi, mpole. Akafanya ishara ya msalaba, akapiga katikati. Obedi hakuwa ameondoka pale aliposimama. Mpira ukamgonga magotini, ukadondoka mbele yake.

Uwanja ukalipuka. Obedi akaona mbingu zimefunguka. Akapiga magoti, akafumba macho, akainua mikono: "Asante Bwana! Asante Bwana!"

"Obedi, mpira! Obedi!" Yusuph alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Obedi alisikia jina lake likiitwa, akadhani anashangiliwa, akainua mikono juu zaidi.

Tharsisi akasogea taratibu, kama mtu anayepita kanisani wakati wa ibada, akausukuma mpira wavuni.

Obedi alipofumbua macho, alimkimbilia mwamuzi. "Nilikuwa kwenye sala!"

"Mpira haukuwa kwenye sala," mwamuzi akamjibu, akaonyesha katikati ya uwanja.

Baada ya mechi Tharsisi alikuja kumpa mkono. "Pole, ndugu yangu. Mimi pia nimesali tangu asubuhi. Ila nikisema amina, nafumbua macho."

Jumapili Obedi alisimama kutoa ushuhuda. Alieleza jinsi Mungu alivyoiokoa penalti na jinsi shetani alivyomtumia katekista. Viti vya nyuma vikaanza kutikisika kwa kicheko. Mchungaji mwenyewe alikuwa ameuma mdomo ili asicheke.

"Obedi, Mungu alikulengeshea mpira kwenye magoti yako wewe uliyesimama tu," akasema. "Ulitaka ashuke auokote pia?"

Obedi akakaa, masikio yakiwaka moto. Kwa wiki mbili alitengeneza baiskeli akiwa ameinamisha uso, maana kila mteja aliulizia penalti kwanza, pancha baadaye.

Wiki ya tatu akamfuata Yusuph. Amepata maono mapya, akasema. Muda wote huu alikuwa akiupinga wito wake: Mungu hakumtaka golini, alimtaka awe mshambuliaji.

Yusuph akampa jezi namba kumi na nne, akamwonyesha benchi, akamwambia akae pale asubiri kuitwa.