Siku Baba Alipomfuata Jasusi

Umeme ukikatika hapa Malangali, jirani yangu huwasha jenereta. Moshi wake ukiniingia puani naacha ninachofanya. Gari la sinema lililozunguka vijijini utotoni mwangu lilinuka hivyo hivyo.

Mara ya kwanza lilikuja Pito, kwetu, kabla hatujahamishwa. Mimi na baba tulitembea kutoka shambani kwenda kuona. Ilikuwa sinema ya jasusi mchekeshaji, mtu wa suti, anapigana na maadui kumi huku ameshikilia kofia isidondoke. Mwishoni akatumbukia kwenye maporomoko ya maji, picha ikakatika. Bwana wa kipaza sauti akasema sehemu ya pili inakuja. Njia nzima baba akawa ananiuliza, "Mwanangu, kafa kweli yule?"

Haukupita muda tukaambiwa wote tuhamie kijiji cha ujamaa. Baba akagoma. Alikuwa amefukia nyasi kwenye matuta, kama tunavyolima sisi Wafipa, halafu akayatawanya na kupanda ulezi, nao ulikuwa unaanza kuinamisha vichwa. "Tuta halibebwi kichwani," alisema. Mgambo wakaezua nyumba. Mama na sisi watoto tukahama, yeye akajificha korongoni ili alinde ulezi wake mpaka uvunwe. Hatukuwa na chakula kingine cha mwaka ule.

Kila baada ya siku tatu nilimpelekea ugali, nimeuficha ndani ya mzigo wa kuni. Nilimkuta amekonda, anaongea haraka kama mtu anayeogopa nitaondoka. "Mama yako anakula? Wanasemaje huko? Na yule jasusi, bado hajaja?"

Gari lilipokuja, nikamwambia. Nilikuwa na miaka tisa.

Sinema ilioneshwa alasiri ndani ya ghala la kijiji, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Wanawake na sisi wasichana tulikaa chini. Akaingia bibi mmoja, kajitanda kanga mpaka kwenye nyusi, akakaa nyuma yangu. Kanga ilikuwa ya mama, ile niliyomfungia baba ugali. Nikageuka.

"Baba, rudi," nikanong'ona.

"Nyamaza. Inaanza."

Jasusi hakufa. Aliibuka mtoni, akaiba gauni la mwanamke aliyekuwa anafua, akalivaa, na maadui wakamwamkia kwa adabu. Ghala zima likaangua kicheko. Baba naye akacheka, kile kicheko chake cha kukoroma ambacho Pito nzima ilikijua. Mama mmoja akajikohoza kwa nguvu ili kumfunika, lakini mgambo alikwisha kusogea.

"Shikamoo bibi. Una mafua?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Yananisumbua," baba akajibu kwa sauti nyembamba.

Watu wakacheka tena. Mgambo mwenyewe alicheka, huku kamshika mkono hamwachii.

Wakamtoa. Nililia, na sinema ikaendelea. Ulezi waliula ndege. Tulichimba mizizi mwaka ule, na mdogo wetu wa mwisho hakuuvuka. Baba aliporudi kutoka walikomfunga, hakuniuliza tena habari za mtu yeyote.

Sasa nimekuwa mzee kumpita yeye. Wajukuu wanapoangalia sinema za namna ile, sehemu ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, siwagombezi. Nadhani baba, siku zile zote korongoni, alitaka kumwona mtu aliyedhaniwa amekufa akitoka majini, na watu wakifurahi kwamba ametoka. Labda angekuja hata kama nisingesema neno.

Lakini nilisema.