Mgeni Rasmi wa Matembezi

Gelasius hajawahi kukaa safu ya pili. Namfahamu tangu alipokuja kusoma Arlington, na sikumbuki shughuli ya Watanzania wa Dallas aliyohudhuria kama mtu wa kawaida. Amekuwa mgeni rasmi kwenye vipaimara, kwenye mahafali ya chekechea, hata kwenye uzinduzi wa jiko la kuchomea nyama la shemeji yake. Ofisini kwake Richardson, anakotengeneza programu za kompyuta, hakuna anayempigia makofi. Fidia tunailipa sisi.

Kilichobaki ni uenyekiti wa jumuiya. Uchaguzi ulikuwa Jumapili, na watu walinong'ona kwamba mtu anayehema kwa kupanda ngazi za ukumbi hawezi kuongoza. Kwa hiyo alipoalikwa kwenye matembezi ya afya, juu ya ukingo wa miamba ya chokaa kule Cedar Hill, alikubali kwa sharti kwamba awe mgeni rasmi. Watu wazima, wenye shahada zao, walikaa kikao wakalipitisha.

Precious, nesi aliyeandaa safari hiyo, alitaka tuanze jua linapochomoza, maana Agosti huku haina huruma. Tulifika mapema. Gelasius akapiga simu kwamba yuko njiani, na Deo, mshereheshaji wetu, akakataza mtu yeyote kuondoka.

"Tukianza bila mgeni rasmi ni dharau," alisema.

"Na jua nalo limeambiwa limsubiri?" Precious akamuuliza.

Tukabaki kwenye maegesho tukinywa maji tuliyokusudia kuyabeba. Alifika karibu saa nne, viatu vipya, mpiga picha nyuma yake. Akatuhutubia kuhusu kujali afya huku tumesimama juani. Kisha akamwona Mama Prudensia, mjane kutoka Mansfield mwenye presha, ameshika mwavuli mweusi.

"Mama, mbona leo hakuna mvua?"

Deo alicheka kwanza, wengine wakafuata.

"Nautembeza, mwanangu," Mama alijibu. "Nao una afya yake."

Mierezi ya pale ni mifupi, kivuli chake hakimtoshi hata mbwa. Gelasius alianza kwa kasi, kamera ikimfuata. Mwinuko ulipozidi kuwa mkali, akaanza kusimama kila baada ya hatua chache, eti anatazama mandhari. Mwishowe akaketi juu ya jiwe, midomo imepauka.

"Tunashuka," Precious alisema.

"Picha ya kileleni kwanza."

"Kaka, ukianguka hapa utapigwa picha ya aina nyingine."

Akatapika juu ya viatu vipya. Maji yetu yalikuwa yamekwisha, isipokuwa ya Mama Prudensia. Alimpa Gelasius chupa yake, akamfunika kwa mwavuli, mwenyewe akajitupia kanga kichwani. Wanaume wawili wakamshika makwapani, wakashuka naye taratibu. Deo alikuwa na kazi moja tu, kumwamuru mpiga picha ashushe kamera. Chini, wakamwingiza Gelasius kwenye gari lenye ubaridi, wakaondoka naye, mwavuli ukiwa mapajani mwake.

Jumapili, Deo alimtambulisha ukumbini kama kiongozi aliyetutangulia mlimani. Wale wawili waliomshika makwapani walisimama wakapiga makofi. Walifanya hivyo bila aibu, nami niliwatazama usoni. Alishinda kwa kura nyingi. Akashukuru, kisha akauliza kama kuna mwenye swali.

Mama Prudensia akainuka.

"Mwanangu, sina swali. Naomba mwavuli wangu tu. Nje jua ni kali."

Mwenyekiti mpya akakohoa, akamtazama Deo, akarekebisha tai.

"Hoja ya mama imepokelewa," alisema. "Kamati italifanyia kazi suala hilo."

Ukumbi ukapiga makofi. Mama akajifunika kanga yake kichwani, akatoka.