Bendera ya Mji Tusioujua

Enzi zetu, ukitoka nyumbani asubuhi bila kujua unakwenda wapi, hakukuwa na simu ya kukufuata. Ndivyo tulivyotoka mtaani kwetu Ruwi, nchi ya Waarabu, Alkhamisi moja, skuli imefungwa, watoto wanne na mpira na bendera.

Bendera ilikuwa ya mji mdogo wa Ureno. Ami yangu, baharia, ndiye aliyeileta. Ilikuwa na vipande vya njano na buluu, katikati ngao yenye daraja na samaki, juu yake taji la minara minne (mitano, alisema ami, ni ya miji mikubwa), chini utepe wenye jina la mji. Skuli baadaye ilinishinda, lakini ngao ile niliisoma kuliko kitabu chochote.

Tuliifanya ya timu kwa sababu moja. Wazee wangu walitoka Unguja, wa Khalfan Bujumbura, wa Seif Mombasa, na Hamed peke yake kwao hukuhuku, Nizwa. Ukichagua bendera ya kwao huyu, yule ananuna na kuondoka na mpira. Ureno hakutoka mtu. Bibi aliishona pindo kwa uzi wake wa kofia, nyumba nzima ikinukia hiliki ya mkate wa kumimina.

Jirani yetu Mzee Salum ndiye aliyeipinga.

"Babu zetu wamemtoa Mreno hapa kwa panga, nyinyi mnamrejesha kwa mpira? Nisiione mtaani."

"Huyu Mreno mdogo tu, mzee," Khalfan akamtuliza. "Minara yake minne."

Akavutwa sikio. Bila bendera ile timu ingevunjika, basi tukaona tukacheze mbali.

Pikapu ilitupakia nyuma, kati ya ndoo za samaki, ikatushusha Qantab, kijiji cha wavuvi. Tuliichomeka bendera mchangani, tukacheza na watoto wa pale mpaka magharibi, tukafungwa vibaya. Gari ya kurudi haikuwapo. Mama mmoja akatuita kwake, akatupa wali na papa mkavu, mumewe akaenda dukani kuwapigia simu wazee wetu. Vijana wa leo, wenye jezi za Ulaya za kununua, wangekwisha kufuatwa na gari yenye kiyoyozi.

Akitutandikia mkeka, yule mama aliuliza, "Wanangu, nyinyi watu wa wapi?"

Khalfan akajibu, "Sisi timu moja, mama."

Siku hizi kila mmoja wetu yumo katika kundi la simu la watu wa kwao. Mimi nimelala nyumba nyingi tangu usiku ule, na kila nifikapo naulizwa swali lilelile. Jibu la Khalfan siwezi kulitumia tena, timu haipo.